Usiniambie kashinda mara ngapi, niambie kamshinda nani

SEHEMU YA 1

Najua niliahidi leo tuendelee na homa ya mtoto baada ya chanjo. Itakuja. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita na nisipolitoa sitalala, na mimi nikitoka zamu ya usiku usingizi nauhitaji kweli.

Mama mmoja wa huku kwetu, kati ya Somanga na Nangurukuru, zaidi ya hapo sisemi, alikuja kliniki kumpimisha mtoto wake wa mwisho. Tukamaliza. Akabaki kasimama. Akafungua pindo la khanga, akatoa simu. "Nesi, hebu nisomee hapa, wewe umesoma."

Lilikuwa bango la pambano la ngumi. Picha ya mwanawe wa kwanza, miaka 21, kifua wazi, ngumi mbele, na maandishi makubwa mekundu: HAJAPIGWA. Mapambano 7, ushindi 7, KO 6. Chini yake: BONDIA NAMBA MOJA KUSINI. Kuna promota kamfuata mpaka nyumbani, anataka kumpeleka Dar es Salaam baada ya wiki tatu, raundi nane. Akishinda, wameambiwa, anaingia kwenye orodha ya kugombea mkanda. Kishika uchumba ameshapokea mjomba mtu.

Mama ananiuliza, na macho yanamng'aa: "Saba bila kupigwa. Sasa huyu si mkubwa?"

Sikumjibu palepale. Foleni ilikuwa mpaka nje na watoto wanalia. Nilimwambia niachie siku mbili. Hizi sehemu ninazoandika ndiyo majibu yangu kwake, na kwako wewe mwenye kijana anayelala na glovu kitandani, maana huku pwani kuanzia Kivinje mpaka Lindi mjini siku hizi wamekuwa wengi. Azam wanaonyesha ngumi, vibanda umiza vinajaa, kila mtaa una mtoto anapiga gunia la mchanga chini ya mkorosho. Sichukii hilo. Mimi mwenyewe nimelelewa na baba aliyekuwa halali usiku ambao Rashid Matumla anapigana. Ngumi nazipenda. Ndiyo maana nina hasira.


SEHEMU YA 2

Nilitafuta hao saba ni akina nani.

Kuna mtandao unaitwa BoxRec, unaandika pambano lililosajiliwa la kila bondia wa kulipwa duniani: alipigana na nani, wapi, tarehe gani, nani kashinda, raundi ya ngapi. Ukibonyeza jina la mpinzani unaona na yeye rekodi yake. Kijana wetu ana mapambano 3 tu mle, siyo 7. Mpinzani wa kwanza lilikuwa pambano lake la kwanza maishani, na hajapanda ulingo tena tangu siku hiyo. Wa pili alikuwa amepigana mara 5 na kupigwa mara 5. Wa tatu ana ushindi mmoja na kupigwa mara 8, na katika hizo 8 nyingi hakumaliza raundi mbili.

Yale manne mengine yalipigwa kwenye viwanja vya huku, sikukuu na msimu wa ufuta watu wakiwa na hela mfukoni, ulingo wa kamba za katani, refa ni rafiki wa promota.

Mmoja wa hao wanne namfahamu. Namfahamu kwa sababu nilimpokea mimi. (Ameniruhusu niandike, na mambo ya kumtambulisha nimeyaondoa.) Ni dereva wa bodaboda. Hajawahi kufundishwa ngumi hata siku moja. Jioni ile mpinzani aliyepangwa hakutokea, watu wameshalipa kiingilio, promota akamfuata kijiweni akamwambia panda raundi tatu tu, nakupa elfu thelathini, ukichoka lala chini. Akapanda. Hakupata nafasi ya kulala chini mwenyewe, alilazwa. Akaamka, akanywa soda, akacheka na wenzake, akaendesha pikipiki mpaka kwao. Saa nane usiku mama yake akamsikia anatapika na anaongea maneno hayaeleweki.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mpaka leo anasema jua likiwa kali kichwa kinamgonga, na mwenye pikipiki alishampa mtu mwingine.

Yule ndiye KO namba 4 kwenye bango. Dereva wa bodaboda wa elfu thelathini ndiye amemfanya mtoto wa mwenzako kuwa "namba moja Kusini". Nani wa pili Kusini, nani wa tatu, nani kawapanga? Hakuna aliyeniambia.


SEHEMU YA 3

Wamama, twendeni kwenye kitu mnachokijua kuliko promota yeyote: kadi ya kliniki.

Mtoto ana kilo 7. Nimpongeze au nimshike? Hujui. Mpaka uniambie ana miezi mingapi. Kilo 7 ana miezi mitano, nakupigia makofi, nenda nyumbani unyonyeshe. Kilo 7 ana mwaka na nusu, huondoki hapa leo. Namba ni ileile. Kadi haina maana mpaka usome namba ya pili pembeni yake, halafu ufuate nukta zinakwenda wapi: zinapanda, zimelala au zinashuka.

Rekodi ya bondia ni hivyohivyo. 7-0 ni kilo tu. Umri wake ni wale aliowapiga.

Chukueni Hassan Mwakinyo wa Tanga, maana huyu kila nyumba inamjua. Tarehe 8 Septemba 2018 alikwenda Birmingham, Uingereza, kupigana na Sam Eggington. Mwakinyo aliitwa dakika za mwisho kuziba nafasi, pambano kubwa la usiku ule lilikuwa la Amir Khan na Samuel Vargas, na wengi waliokuwa ukumbini hata jina la Mwakinyo hawajui kulitamka. Alipelekwa apigwe, tusidanganyane. Akammaliza Eggington raundi ya pili.

Sasa angalia kilichotokea kwenye viwango. Kesho yake Mwakinyo ambaye alikuwa huko chini kwenye mamia ya mabondia wa uzani wake akaonekana ndani ya ishirini bora duniani. Kwa pambano moja! Watu huku walishangilia, wengine wakasema mtandao umekosea. Haukukosea. Eggington alishakuwa bingwa wa Ulaya. Machi 2017 alimpiga Paulie Malignaggi kwa KO, na Malignaggi alishakuwa bingwa wa dunia mara mbili, kwenye uzani wa aina mbili. Halafu Eggington ni kijana wa maeneo yaleyale ya Birmingham, yupo kwao, mbele ya watu wake. Ukimpiga mtu wa namna hiyo, nyumbani kwake, raundi ya pili, umebeba na thamani ya wote aliowapiga yeye. Ndivyo hesabu za viwango zinavyotembea. Ushindi mmoja juu ya mtu mwenye thamani unakupandisha kuliko ishirini juu ya vibonde, kwa sababu kibonde hana cha kukupa. Hana alama. Unampiga, unashuka ulingoni na ulichopanda nacho.

Kwa hiyo kijana wetu na 7-0 yake, kwa hesabu ya kweli, yupo alipokuwa siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba sasa anaamini yupo juu. Hapo ndipo hatari inapoanza.


SEHEMU YA 4

Hii ni ndefu kidogo, chemsha chai.

Kuna makosa mawili watu wanayafanya hata wakishaelewa hiyo ya kwanza. La kwanza ni kushangilia jina. Septemba 2021 Mwakinyo alipigana Dar es Salaam na Julius Indongo wa Namibia, akamshinda raundi ya nne. Mitaani ikawa: kampiga bingwa wa dunia! Tena si bingwa wa mkanda mmoja.

Ni kweli Indongo alishakuwa bingwa, na tena bingwa wa haki. Desemba 2016 alitoka Namibia hajulikani, akaenda Moscow kwa Eduard Troyanovsky ambaye alikuwa hajawahi kupigwa, akamlaza kwa ngumi moja, pambano halikufika dakika moja. Aprili 2017 akaenda Glasgow akampiga Ricky Burns kwao, mbele ya Waskochi wake, akachukua mkanda wa pili. Ukitaka mfano wa ushindi wenye uzito, ni huo: ugenini, kwa mabingwa wanaotamba, mara mbili mfululizo. Huyo ndiye Indongo wa kumwogopa.

Lakini Agosti 2017 Terence Crawford alimkunja raundi ya tatu. Machi 2018 Regis Prograis akamwangusha mara kadhaa na pambano likaisha raundi ya pili. Na ubingwa wake wote aliupata kwenye uzani wa kilo 63.5. Aliyekuja Dar alikuwa na miaka 38 na anapigana kwenye uzani wa karibu kilo 70. Mimi nikipokea mgonjwa siandiki presha yake ya mwaka 2017. Naandika ya leo. Jina lilikuwa lilelile, mtu alikuwa mwingine. Ushindi ule ni ushindi, simpokonyi Mwakinyo, ila usiuweke rafu moja na Birmingham. Haukai.

Kosa la pili ni la upande wa pili: kumdharau mtu kwa sababu amepoteza sana. Novemba 2019 Mwakinyo huyohuyo alipigana Dar na Mfilipino Arnel Tinampay. Watu waliangalia rekodi ya Tinampay wakacheka: kapigwa mara zaidi ya 20! Kibonde huyu, wakasema, raundi ya tatu tunarudi nyumbani. Ilikwenda raundi zote kumi, Mwakinyo akashinda kwa pointi, na wengi waliotoka pale walikuwa wanabishana kama kweli kashinda. Tinampay alikuwa mtu wa kusafiri kupigana nyumbani kwa watu, mbele ya majaji wa watu. Kupigwa kwingine kunafundisha. Kichwa chake kilijua kila mtego.

Nikikuwekea hapa vijana wawili, mmoja 7-0 juu ya madereva wa bodaboda, mwingine 3-6 lakini wale sita waliompiga ni watu wa maana na alimaliza nao raundi zote, mimi namwogopa wa pili. Na promota anamjua wa pili. Ndiye anamtafutia mwanao.

Halafu 2022, tarehe 3 Septemba, Mwakinyo akaenda Liverpool kwa Liam Smith, aliyekuwa bingwa wa dunia wa WBO, akasimamishwa raundi ya nne. Alilalamikia mguu na viatu. Huku nyumbani walimtukana wiki nzima: feki, mwoga, Birmingham ilikuwa bahati. Mimi mguu wa mtu sijaukagua siucheki. Lakini hata ukiweka viatu pembeni, kupigwa na Smith, Liverpool, hakufuti Birmingham. Wale waliompandisha juu ya mawingu kwa Indongo ndio haohao waliomtupa shimoni kwa Smith, na mara zote mbili hawakuuliza swali lililotakiwa. Anayesoma herufi mbili tu, S ya kashinda na P ya kapigwa, kila pambano litamyumbisha.


SEHEMU YA 5

Fupi hii. Mmoja wenu ameniandikia faragha: "Mbona Mandonga hana rekodi hiyo unayoitaka na anakula vizuri?"

Karim Mandonga nampenda, jamani nani hampendi. 2022 alikwenda Songea kupigana na Shaaban Kaoneka, akapigwa KO, na kesho yake aliyepigwa akawa maarufu kuliko aliyempiga! Januari 2023 akaenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi, watu wakalia kwa furaha. Mandonga anauza mdomo na anajua anauza mdomo. Hiyo ni biashara halali na ana kipaji chake.

Ila umaarufu ni kitu kimoja na kiwango ni kitu kingine. Umaarufu haukingi ngumi. Kijana wako hana mdomo wa Mandonga, hana tangazo la biashara, ana taya tu. Usimpeleke kwa hesabu ya Mandonga.


SEHEMU YA 6

Sasa nivae gauni langu jeupe.

Mnaweza kusema, nesi, rekodi ya uongo inamdhuru nani? Si majigambo tu ya vijana. Ngoja nieleze inavyodhuru, nimeshaiona zaidi ya mara moja.

Bondia wa vibonde hajawahi kupigwa ngumi ya kweli. Hajui kujikinga akiwa amechoka, kwa sababu hajawahi kufika raundi ya nne. Hajui kukumbatia mpinzani apumzike. Kona yake haijui kurusha taulo kwa sababu haijawahi kuhitaji. Na yeye mwenyewe ameambiwa hapigwi, kwa hiyo siku anapigwa anaona aibu kukaa chini. Anasimama. Anaendelea kusimama. Mtu mwenye uzoefu anamkuta pale kama nazi juu ya kibao.

Ubongo upo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai bichi. Likitikiswa kwa nguvu, ubongo unagonga ukuta, na mishipa midogo inaweza kukatika. Damu inavuja polepole. Mtu anaongea, anakula, anacheka, kama yule wa bodaboda. Baada ya saa kadhaa damu imejaa, ubongo unabanwa. Hapo ndipo kichwa kinauma na maumivu yanazidi badala ya kupungua, anatapika, anasinzia muda ambao si wake, anasahau mambo, anaongea kama mlevi, mboni moja inakuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu upande mmoja unalegea, au anapata degedege mtu mzima. Ukiona hata moja ya hizo, usimpake barafu, usimpe dawa ya maumivu ukamlaza. Mlete. Saa nane usiku, mlete. Usiseme "ngoja kuche".

Na akipigwa KO leo akarudishwa ulingoni wiki mbili baadaye ubongo haujapona, pigo la pili hata likiwa dogo linaweza kumaliza kila kitu. Vibonde ndio wanafanyiwa hivyo, maana hakuna anayehesabu siku zao.

Sasa piga hesabu ya kwetu. Damu kichwani inataka kipimo cha kuona ndani ya fuvu na daktari wa upasuaji wa ubongo. Kutoka Kilwa mpaka Dar es Salaam, kwa mabingwa wa MOI pale Muhimbili, ni kama kilomita 300. Mnakumbuka mvua za 2024 barabara ilipokatika Somanga, magari yamelala pande zote mbili. Kichwa kinachojaa damu hakisubiri mkandarasi.

Mwisho wa Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki Dar es Salaam baada ya kupigwa KO. Simtaji kumlaumu yeyote, Mungu amrehemu. Namtaja kwa sababu ilikuwa Dar, mji wenye hospitali zote tunazozililia huku. Hatari ipo hata pambano likiwa limepangwa kwa haki. Kwa hiyo mtu anayepanga lisilo la haki makusudi, anayemweka asiyejua mbele ya anayejua huku anamwambia mama yake "mwanao ni namba moja", huyo anajua anachofanya. Mimi simwiti promota. Ninalo jina lake ila ukurasa huu unasomwa na watoto.


SEHEMU YA 7

Nimejibiwa mengi tangu jana. Najibu mawili.

La kwanza: "Kila bondia anaanza na wepesi, hata mabingwa wa dunia." Kweli kabisa, na ni sawa. Hata mtoto huanza na uji kabla ya ugali. Lakini uji unaongezwa uzito kidogokidogo. Angalia rekodi ya bondia aliyelelewa vizuri: wa kwanza mgeni, wa tatu ana ushindi kadhaa, wa sita anajua kazi, wa nane anamtoa jasho raundi zote. Unaona ngazi. Kwa kijana wetu hakuna ngazi, kuna sakafu, sakafu, sakafu mara saba, halafu ghorofa ya nane. Nimemtafuta na huyo mpinzani wa Dar aliyeandikwa kwenye bango kwa herufi ndogo. Ana ushindi 14, amepoteza 3, na wale watatu waliompiga ni watu ambao Azam inawaonyesha. Amefika raundi ya kumi mara nne. Mwanetu hajawahi kuona raundi ya tano.

Hapo bango lote likanieleweka. HAJAPIGWA haikuandikwa kumsifu mtoto wa Somanga. Imeandikwa ili yule wa Dar akimpiga rekodi yake isomeke vizuri: kampiga mtu aliyekuwa hajapigwa. Mtoto wetu amenenepeshwa kwa ajili ya sikukuu ya mtu mwingine.

La pili, na hili ni zito zaidi: "Mwakinyo naye si alipelekwa apigwe? Mngemzuia asingekuwa Mwakinyo." Hili limenifanya nikae nifikiri, sikatai. Ndiyo, alipelekwa apigwe. Lakini alikwenda akiwa na mapambano ya kulipwa zaidi ya kumi mwilini, alishapoteza, anajua ladha yake, na alikuwa na ngumi ya kumwadhibu mtu wa kiwango kile. Alikwenda anajua anayekwenda kukutana naye. Huyu wa kwetu kaambiwa mpinzani ni "saizi yako". Mtu mzima akijua hatari akaichagua, ni yake. Aliyefichwa hajachagua kitu.

Na kuhusu riziki, najua. Najua mwanao hana ajira, najua korosho zilivyo, najua bahari ilivyo siku hizi. Sisemi mzuie mtoto ngumi. Nasema muwe wakali kama mnavyokuwa wakali kwenye mahari. Mtu akija kuposa mnauliza ukoo mzima mpaka babu alikufa na nini! Promota anakuja na bango na soda mbili, mnampa mtoto.

Muulize majina ya wote aliowapiga mwanao na rekodi ya kila mmoja siku ile. Muulize mpinzani ajaye alimpiga nani, na alipigwa na nani, raundi ya ngapi. Muulize pambano limesajiliwa na kamisheni ya ngumi za kulipwa, TPBRC, au ni la kiwanjani. Muulize daktari atakuwepo na gari la wagonjwa litakuwa limesimama nje au litapigiwa simu. Akikasirika kwa maswali, jibu umeshalipata. Na kama hujui kubonyeza BoxRec, njoo na simu yako, nitakuonyesha nikiwa sina foleni. Jumatano baada ya saa tisa huwa naweza.

Yule mama nilimwambia yote haya mdomoni kabla sijaandika. Alikaa kimya, akaniuliza mara mbili kama ile ya bodaboda ni kweli. Juzi amenipigia. Amekwenda kwa mjomba, hela imerudishwa, ilibaki pungufu elfu kumi na tano akauza kuku. Promota kasema atawashitaki. Kijana kaambiwa na kocha wake wa mtaani, ambaye kumbe naye alikuwa na wasiwasi ila hakuulizwa, kwamba watatafuta la raundi nne Lindi mjini, na mtu mwenye ushindi wawili watatu.

Kijana mwenyewe hanisalimii. Jana nimepishana naye stendi ya Nangurukuru kageuza uso kabisa. Sawa tu. Shingo inageuka vizuri, nimeangalia.

Kesho homa ya chanjo, naahidi.